Figo ya Kuoshwa

Kama hujawahi kula matumbo kwa Nabwile pale Matisi, basi Kitale ulipita tu, hukufika. Hoteli yenyewe ilikuwa ya mabati, meza ndefu na mabenchi, na ikifika saa ya chakula hakuna aliyekaa peke yake. Unabanwa kati ya fundi wa baiskeli na karani wa manispaa, na kabla sahani haijafika umeshajua nani kaachwa na mke, nani kaokoka, na nani kaokoka mara ya pili. Nabwile ndiye alikuwa redio. Alipika akiongea, aliosha akiongea, na ukimpa siri alikuuliza kwanza, "Hii ni ya kuweka ama ni ya kupeleka?"

Utamu wa matumbo yake haukuwa kwenye viungo. Ulikuwa kwenye kuosha. Alilichukua tumbo buchani likiwa bado na kijani cha nyasi, akalimwagia maji moto, akalikwangua, akaligeuza ndani nje, akaliosha tena na tena mpaka likawa jeupe kabisa na vile vijumba vyake vikaonekana kama sega la nyuki lisilo na asali. Ukimharakisha anakuinulia kipande usoni. "Unaona hii rangi? Bado kuna mtu anakaa hapa ndani. Ngoja ahame."

Mwaka ule kura zilipoharibika na watu wakaanza kufukuzana kwa kabila, Wamboi, jirani yake wa duka la mitumba, alilala uwanja wa maonyesho pamoja na watoto kwa sababu kwao ni Nyeri. Nabwile alimpelekea chakula huko kila siku, mchana kweupe, na waliomwuliza anamlisha nani aliwajibu kwamba anamlisha mdeni wake, hataki afe kabla hajalipa. Alitembea na miguu imefura kama mkate. Tulidhani ni uchovu. Wamboi aliporudi Matisi ndiye aliyembonyeza mguu, akaona kidole kimeacha shimo ambalo halijai, akampeleka Eldoret kwa nguvu.

Daktari wa figo huko alikuwa mama mmoja mpole, Jeruto. Akamwambia figo zote mbili zimelala.

"Zitaamka lini?" akauliza Nabwile.

"Haziamki, mama."

Basi akaanza safari za Eldoret kila wiki kusafishwa damu kwa mashine. Alirudi hotelini amepauka, anacheka. "Mimi kazi yangu ni kuosha, na sasa nimekuwa wa kuoshwa." Lakini mashine, Jeruto alimweleza, ni ya kumsogezea siku tu. Alihitaji figo ya mtu, na mtu wa damu yake.

Mtu alikuwepo. Wakhungu, kaka yake wa pekee, mwenye kinu cha kusaga unga kule Kamukuywa, jitu la watu lenye kicheko cha kuangusha vikombe. Mama yao alikuwa mzee na ana presha. Mume wa Nabwile alishafariki zamani. Mwanawe Khaemba alikuwa bado mtoto. Wakhungu akapimwa, vipimo vyote vikakubali. Siku aliyoleta habari hiyo alisimama katikati ya hoteli, shati limejaa unga, akasema, "Mungu alinipa mbili. Moja ilikuwa ya huyu msichana, mimi nilikuwa namwekea tu!" Tulipiga makofi mpaka sahani zikaruka. Nabwile alijifanya anafunika sufuria, kumbe anafuta macho. Upasuaji ukapangwa baada ya Pasaka.

Sasa hapo ndipo alipoingia Tonny.

Tonny alikuwa kifungua mimba wa Wakhungu, anasomea mambo ya maabara Eldoret. Kijana mzuri, anampenda shangazi yake, na nina hakika hakuwa na ubaya. Alifika mchana mmoja wa Machi watu wakiwa wamejaa.

"Niaje, Anti."

"Niaje ni ya rafiki zako. Mimi nisalimie."

"Shikamoo, Anti. Cheki hii kitu." Akatoa karatasi iliyochapwa saiba, kwenye kompyuta za kukodi. Kulikuwa na picha ya kitu cheupe, kinang'aa, kimening'inia ndani ya chupa.

"Ni tumbo?"

"Ni moyo."

"Wa nani?"

"Wa panya."

Fundi wa baiskeli aliweka kijiko chini. "Jamani, leo kwa Nabwile ni panya!" Hoteli ikalipuka. Mwingine akauliza kama panya mwenyewe ni wa nusu sahani au sahani nzima.

Tonny hakucheka. Akaeleza, na alieleza vizuri, lazima niseme. Wazungu wametoa moyo kwa panya aliyekufa. Wakapitisha dawa, kitu kama sabuni, ndani ya mishipa ileile ya damu. Ile dawa ikaziosha seli zote, yaani vile vitu vidogo sana vyenye uhai ambavyo ndivyo nyama yenyewe, zikatoka. Ikabaki hii nyeupe. Kiunzi. Nyumba ambayo watu wamehama lakini kuta, vyumba na mabomba viko palepale. Halafu wakapanda humo seli changa, za panya wengine wadogo, wakazilisha, wakazishtua kwa umeme. Baada ya siku chache ule moyo ukadunda.

"Ukadunda?" Nabwile alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Kidogo tu. Lakini ilidunda, Anti. Na wanasema viungo vingine pia itawezekana. Mapafu, ini. Figo."

"Na hizo seli za kupanda, wanaweza toa kwa mgonjwa mwenyewe?"

"Hiyo ndio wanataka. Ikitoka kwako, mwili yako haikatai. Hakuna kutafuta mtu."

"Hakuna kumkata mtu," Nabwile akasema.

"Hakuna kumkata mtu," Tonny akarudia, akaangalia chini. Kwa maana huyo mtu wa kukatwa alikuwa baba yake.

Nabwile akaenda kwenye karai, akachukua kipande cha tumbo alichokuwa amemaliza kuosha, akakiinua mlangoni kwenye jua, karatasi mkono wa pili. Mwanga ukapita kwenye tumbo. Alitazama huku, akatazama kule.

"Hii kazi naijua," akasema polepole. "Hii ni kazi yangu."

Na huo ndio uliokuwa msiba. Mtu mwingine angeiona ile picha akasema ni miujiza ya mbali huko. Yeye aliiona iko karibu, iko pale kwenye karai lake. Nusu ya kazi alikuwa anaifanya kila asubuhi, ilibaki nusu.

Kikao cha ukoo kilifanyika kwao Mabanga, Jumapili baada ya kanisa. Wamboi alimsindikiza, na yote ya huko tuliyapata kwake. Wamboi akisimulia haongezi chumvi, anatia pilipili, lakini siku hiyo hakutia chochote.

Walikuwa wamekutana kuombea upasuaji. Tonny akatoa karatasi yake, ikazunguka. Mama yao, Nekoye, akaisogeza karibu na macho.

"Hiyo figo ya kuosha wanatoa kwa nani? Ng'ombe?"

"Nguruwe, Kukhu," Tonny akamjibu nyanya yake. "Wanasema nguruwe ndio saizi ya mtu."

"Nguruwe!" Mzee mmoja wa kanisa alisimama. "Huyo hata umuoshe na petroli, atabaki nguruwe."

"Si wanatoa unguruwe wote, mzee? Inabaki kiunzi tu!"

"Na hicho kiunzi kiliota wapi, kwa kondoo?"

Wakabishana hapo, wakacheka, wengine wakakasirika kweli. Muda wote huo, Wamboi alisema, Wakhungu hakucheka nao. Mtu wa kicheko kile. Anatazama ile picha kama mtu aliyeonyeshwa mlango chumba kinapoungua. Kisha akakohoa.

"Mimi sijakataa," akaanza.

Wamboi alisema alipolisikia hilo neno aliweka kikombe chini. Nani alikuwa amesema amekataa?

"Sijakataa. Lakini mwaka huu ni wa tohara, mnajua. Khaemba anaingia Agosti. Khocha wake ni nani? Si ni mimi? Ng'ombe achinjwe kwangu, kwa huu mkono, nyama nimvalishe mtoto shingoni. Nikiwa na mshono hapa kwa ubavu, nitainama aje? Nitashika kisu aje? Mtoto aende kwa khocha apate mgonjwa kwa kitanda? Tungoje Agosti ipite. Na huku tukingoja, nani anajua, bana? Hawa watu wanakimbia. Huenda hii ya kuoshwa ikawa imefika, na mtu asipasuliwe bure."

Wasiojua watuelewe. Kwa Wabukusu, mtoto hatahiriwi bila kwenda kwa kaka wa mama yake, yule khocha, na nyama anayovishwa huko ndiyo ruhusa na baraka yake. Khocha hanyimi. Kwa hiyo alichosema Wakhungu kilikuwa na miguu ya kusimamia, na ndiyo sababu hakuna aliyeweza kukipinga.

"Hapo umesema," akasema mzee wa kanisa.

"Umesema," wakasema wengine. Mabega yakashuka. Mke wa Wakhungu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amenuna, akaamka kuleta chai ya pili, na ile chai ya pili, Wamboi aliapa, ilikuwa na maziwa kuliko ya kwanza.

Wakamgeukia mwenye ugonjwa.

"Tungoje," Nabwile akasema. Hata alitabasamu.

Njiani Wamboi alimfokea. "Wewe mwanamke una wazimu? Si ungesema hapana!"

"Ningesemaje? Figo si chumvi, ati niombe jirani." Akapunguza mwendo. "Na umeona ile picha, Wamboi. Umeiona vile ilikuwa safi."

Daktari Jeruto alipoambiwa alivua miwani. "Mama Khaemba, huyo ni panya. Na ni moyo, na ulidunda kama mtu anayekata roho. Figo ina vijifereji vidogo sana, huwezi kuvihesabu, kila kimoja kina kazi yake. Kuosha wameweza. Kurudisha uhai ndani, mpaka itoe mkojo, hiyo hakuna anayeweza leo. Labda watoto wa Khaemba watayaona. Wewe figo yako iko Kamukuywa, inatembea."

"Amesema Agosti."

"Maji yanakaa mwilini, yanaupanua moyo wako. Moyo hautajua kama ni Agosti."

Nabwile alikubali kwa kichwa, akarudi Kitale, akaibandika ile picha ukutani juu ya meko, kando ya kibao cha "Leo pesa, kesho mkopo". Mvuke uliikunja pembe, akainyoosha. Aliitazama akiosha. Mwanzoni wateja walimtania, naye akajibu.

"Nabwile, ile figo imefika wapi?"

"Iko Nairobi, inavua koti."

Halafu ikawa "Iko Nakuru, imepata pancha". Mwezi wa sita mtu akauliza, akageukia sufuria. Mwezi wa saba hatukuuliza tena. Hoteli ilikuwa bado inajaa, lakini tulikula kama watu wa matanga. Habari zililetwa, zikakosa mtu wa kuzipokea. Alikuwa ameacha kula chumvi, ameacha maji, ananyonya kipande cha barafu akitazama wengine wanavyobugia chai. Kuosha sasa alifanya akiwa amekaa, na pumzi ilimpiga kama aliyepanda mlima.

Agosti ikaja. Wengi wetu tulikwenda Kamukuywa, kwa maana sherehe ya Nabwile ni yetu. Khaemba alifika kwa khocha wake anaruka, njuga za mikononi zinalia, vijana nyuma wanaimba, vumbi mpaka juu. Wakhungu alikuwa amependeza. Alichinja dume kubwa jekundu kwa mkono wake, akainama bila shida yoyote, akapasua, akatoa kile kipande kirefu cha kifuani, akamvisha mpwa wake shingoni, damu ikamchuruzikia hadi kitovuni. Akasimama wima na kisu hewani.

"Mtoto wa dada yangu! Khocha hajakunyima kitu! Nani atasema khocha amenyima?"

Umati ukapiga kelele. Nabwile alikuwa amewekewa kiti kivulini, uso umefura hadi macho yamebaki mistari. Alipiga makofi pamoja na wengine. Wamboi alikuwa ameinama kumfunika leso miguuni, ndiye peke yake aliyemsikia.

"Nyama ya ng'ombe ametoa."

Khaemba alisimama vizuri mbele ya ngariba asubuhi yake, hakupepesa jicho, sifa zikaenda hadi mji wa Kwanza. Na Agosti ikapita.

Septemba Wakhungu alikuwa na mahindi ya kuvuna. Kisha kinu kikaharibika. Kisha simu ikawa haipatikani, na yule dada wa kwenye simu tukamzoea, anavyokuambia kwa upole kwamba mteja hapatikani. Aliyefika ni Tonny, amekonda, akaketi jikoni kwenye mtungi uliolala.

"Anti, nimeenda kupimwa. Mimi. Nilitaka nikupe yangu." Akatikisa kichwa. "Haiingiani."

Nabwile akamshika shavu kwa mkono wenye maji. "Mtoto mjinga. Nani alikutuma?"

"Ni mimi nilileta hiyo karatasi."

"Ulileta habari nzuri."

"Anti, nisikilize. Nilimwuliza mwalimu wetu. Akasema watu wa figo hata hawajaanza vizuri. Akasema miaka ishirini, na hiyo ni kama Mungu ameamka vizuri."

"Alikwambia lini?"

"Pasaka."

"Pasaka. Na baba yako ulimwambia?"

"Siku hiyohiyo."

Wamboi alikuwa pale anachambua mboga.

"Alisema nini, Tonny?" Nabwile akauliza.

"Alisema nisikuambie. Ati nitakuvunja moyo."

Nabwile akageuka, akaibandua ile picha ukutani. Hakuichana. Aliikunja vizuri, akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

Sijui Tonny alimwambia nini baba yake. Tunajua tu kwamba wiki iliyofuata Wakhungu alitokea Eldoret na begi la nguo, amenyoa, hajalala, akamwambia Jeruto, "Nimekuja. Nikateni leo." Jeruto alimpima Nabwile, akapima tena, akampeleka kwa mwenzake wa moyo. Wakakaa nao chini. Moyo umepanuka mno, wakasema. Wakimlaza kwa dawa za usingizi hataamka mezani.

"Mkimpa nguvu kwanza?" Wakhungu akauliza. "Dawa nzuri, chakula?"

"Kinachotakiwa kumpa nguvu ni figo. Na sasa hawezi kuipokea."

"Hata nikitoa zote mbili?"

"Hata ukitoa zote mbili."

Anasema Wamboi kwamba lile jitu lilitazama ubavu wake lenyewe, upande huu, upande ule, kama mtu aliyebaki na mzigo ambao mwenyewe amehama.

Walitaka kumpeleka Nabwile Mabanga kwa mama akapumzike. Akakataa. Akasema kama ni kukaa akingoja, atakaa mahali penye watu. Wakamrudisha Matisi mchana, tukiwa tumejaa. Tulisogea, akapita polepole ameshikiliwa, akaketi kwenye kigoda chake jikoni, nyuma ya pazia ambalo halifichi kitu. Karai lilikuwa pale, tumbo zima ndani, la kijani, Wamboi, aliyemshikia jiko, hakuwa amepata nafasi ya kuliosha. Nabwile akanyoosha mkono alivute. Halikutikisika.

Wakhungu akavua koti.

"Niache nikuoshee, dada."

Nabwile akaliachia karai. "Haya. Osha."

Akapiga magoti. Hakujua, alisugua juujuu kama anayefua soksi, maji yakamrukia shati. Nabwile akamwelekeza kwa sauti ndogo, akisimama kupumua kila baada ya neno. Ligeuze. Mwaga hayo. Maji moto. Kwangua, usikate. Mwaga. Huku mbele tulikuwa tunajifanya tunakula.

"Imetosha?" akauliza Wakhungu.

"Bado."

Akamwaga, akateka mengine. Jasho lilimtiririka pamoja na mengine ambayo si jasho, na vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji moto. "Sasa je?"

"Bado kuna mtu."

Akaendelea. Maji yalianza kutoka safi kama ya mvua, na yeye bado anasugua, mabega yanamcheza, anasema maneno ya Kibukusu ambayo mtu humwambia dada yake mkiwa watoto. Mwishowe akaliinua lote kwa mikono miwili mbele ya uso wake. Lilikuwa jeupe kuliko lolote lililowahi kutoka jikoni mle. Unaona hadi upande wa pili.

"Nabwile, tazama. Limekuwa jeupe kabisa. Hakuna kitu."

Nabwile akasogeza kichwa, akalikagua kama anavyokagua kazi ya mtu mwingine, kila kijumba.

"Ni kweli," akasema. "Umeosha vizuri. Sasa lirudishie uhai."

Wakhungu alibaki ameliinua, maji yanamtiririkia viwikoni. Wamboi akangoja, akaona hashushi, akamtoa lile tumbo mikononi taratibu, akaanza kulikata, kwa sababu mezani kulikuwa na watu hawajapata chakula.